Lundo la matawi shambani linakusumbua? Tafuta dalili yako hapa (wa Tanga hasa)

Wadau, masika yakikata huku kwetu, kuanzia Mkinga, Muheza, Pangani mpaka Korogwe, kila mtu anaingia kwenye ua wake na panga na nyengo. Michongoma imefunga njia, minyaa imepita juu ya waya, lukina na glirisidia, ile miti ya ua na malisho, zimeshakuwa msitu, na ule mstari wa mkonge wa mpakani umetoa watoto mpaka katikati ya mihogo. Kukata sio shida, vijana wawili na siku chache kazi imekwisha. Shida ni lile lundo linalobaki. Linakaa pale mpaka watu wanalizoea, halafu siku moja mtu anachoka nalo anawasha kiberiti, na hapo ndo mambo yanapoharibika.

Nimepanga hapa kwa dalili, maana mtu haji na kusema "lundo langu lina kaboni nyingi", anakuja na kusema haliozi, au linanuka, au mbuzi kaumwa. Ila kabla hujashuka chini kutafuta ya kwako nikwambie kitu kimoja ambacho ndo mzizi wa karibu yote: watu wanatupa kila kitu sehemu moja. Majani mabichi, matawi makavu, miiba, minyaa, mti wa muhogo wenye ugonjwa wa batobato, gogo la mnazi, vyote lundo moja. Ukitenganisha siku ile ile unayokata, kabla havijafungamana, nusu ya haya matatizo huyaoni. Mafungu yenyewe ni matatu tu, la majani na vijiti laini, la matawi magumu kuanzia unene wa kidole gumba kwenda juu, na la vitu vya hatari, yaani vyenye miiba, vyenye utomvu mkali, vinavyoota upya na vyenye ugonjwa. Mwambie kijana anayekata asilundike tu, aweke huku na huku na huku, haimwongezei kazi kubwa.

Lundo lina miezi na haliozi

Chomeka mkono katikati. Kama ni kavu, umepata jibu la kwanza. Matawi yaliyorundikwa hovyo yana matundu makubwa, upepo unapita, jua linapiga, na vijidudu vinavyoozesha haviwezi kufanya kazi bila unyevu. Kipimo ni rahisi, chukua konzi ya vitu vya katikati ukamue kwa nguvu, matone mawili matatu yakitokeza kati ya vidole ndo sawasawa, yasipotoka kabisa mwagilia, yakichuruzika umezidisha.

Kama unyevu upo na bado haliozi basi angalia ukubwa wa vipande. Tawi zima la lukina linakaa mwaka na zaidi, lile lile likikatwa vipande vya urefu wa kiganja linaanza kulainika ndani ya msimu. Kuvu na bakteria wanashambulia kuanzia pale palipokatwa na palipopasuka, kwahiyo kadiri unavyokata na kuponda ndivyo unavyowafungulia milango. Mwenye panga zuri na gogo la kukatia anaweza kufanya kazi kubwa jioni moja, hata bila mashine.

Sababu ya tatu, na hii ndo inayowashinda wengi kwa sababu haionekani kwa macho, ni kwamba matawi yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kidogo. Mboji inaenda vizuri ikiwa kaboni ni kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Mti wenyewe mkavu unaweza kuwa na mara mia kadhaa. Ndo maana lundo la vijiti vitupu halipati joto hata ulimwagilie vipi. Dawa yake ni samadi na majani mabichi. Huku Tanga tuna bahati, watu wengi wana ng'ombe wa maziwa wa kufungia ndani, samadi ipo, ukikosa ya kwako jirani anayo na mara nyingi anatafuta pa kuipeleka. Weka tabaka la vijiti na majani kama sentimita 20, juu yake samadi kama sentimita 5, mwagia maji, rudia mpaka lundo lifike mita moja hadi moja na nusu kwenda juu, na upana uwe hivyo hivyo. Lundo dogo sana haliwezi kutunza joto, kwahiyo lile la kimo cha goti tusilitegemee. Majani ya glirisidia ni mazuri sana kwenye hii kazi, yana naitrojeni nyingi na yanaoza haraka, kwahiyo kama una glirisidia kwenye ua usiyachome hata kidogo, ni mbolea hiyo.

Baada ya siku kadhaa chomeka nondo mpaka katikati, iache dakika chache, ichomoe ushike. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoa mkono, lundo linafanya kazi. Ikiwa ya vuguvugu tu au ya baridi, rudi kwenye unyevu na samadi. Joto likipanda halafu likashuka, geuza, ya nje yaingie ndani.

Jambo moja la mahali: kipindi cha kiangazi fanya kwenye shimo la kina cha kama nusu mita, unyevu unakaa. Masika fanya juu ya ardhi, maana shimo litajaa maji na utahamia kwenye tatizo linalofuata.

Lundo linanuka

Harufu ziko mbili na hazina dawa moja. Ya mayai viza ni ukosefu wa hewa, lundo limelowa au majani mabichi yamelaliana yakawa keki, unakuta hii sana pale mtu amerundika majani ya migomba na nyasi peke yake bila kijiti. Lifumue, changanya vijiti vikavu vya unene wa penseli, na weka matawi mazito chini kabisa kama kitako ili hewa ipite kwa chini. Siku mbili tatu harufu inakwisha.

Ya mkojo mkali inayopanda puani ni amonia, yaani naitrojeni unayoitafuta kwa shida ndo inaruka inaondoka. Hapo samadi imezidi, ongeza vijiti na majani makavu. Au, na hili liangalie vizuri, umemwaga majivu mengi kwenye samadi mbichi. Majivu yanafukuza amonia. Watu wamezoea kumwaga majivu ya jikoni kwenye lundo kila asubuhi wakijua wanaongeza mbolea, majivu yana faida yake lakini yapeleke moja kwa moja shambani, kidogo kidogo, yasikutane na samadi mbichi wala yurea.

Ulichotupa kimeota

Minyaa, glirisidia, mbono kaburi, hii ni miti ambayo tunaipanda kwa kipande. Sasa ukikata kipande ukakilaza kwenye udongo wenye unyevu mwezi wa Aprili unategemea nini. Vipande vya hii miti visiguse udongo mpaka vife. Vianike juu ya bati kuukuu, au juu ya jiwe, au vitundike kwenye waya wa uzio wiki kadhaa za jua, vikisinyaa mpaka vinavunjika vikavu ndo viingie kwenye mboji. Minyaa inachelewa sana kufa, ina maji mengi ndani, usiiamini kwa kuiangalia ngozi tu, ivunje uone.

Watoto wa mkonge nao wana ubishi, ukiwang'oa wageuze mizizi juu, juani.

Lantana ni habari nyingine, ile yenye vimaua vya rangi rangi na vitunda vyeusi. Yenyewe inasambaa kwa mbegu, ndege wanakula wanaenda kuzipanda kwa jirani. Ikate kabla vitunda havijaiva. Ikishaiva basi mbegu zake zinahitaji lundo lenye joto kweli kweli, nyuzi 55 kwenda juu kwa siku kadhaa na kugeuzwa, na kama huna uhakika na joto lako usiiweke.

Na mihogo. Hapa naomba tusikilizane. Tukishavuna miti ya mihogo inatupwa kwenye lundo la ua, inaota, inatoa majani, na kama ilikuwa na batobato au michirizi ya kahawia basi umejiwekea kitalu cha ugonjwa pembeni ya shamba jipya. Nzi weupe wanatoka pale wanaingia kwenye mihogo yako michanga. Michirizi ya kahawia kwa taarifa yenu ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu, Amani, mwaka 1936, kwahiyo huu ni ugonjwa wa nyumbani kabisa na bado unaozesha mihogo ardhini bila mtu kujua mpaka siku ya kuchimba. Miti ya mihogo yenye dalili ikate vipande, ianike mpaka ikauke kabisa, au iingie kwenye shimo la mkaa ninalolieleza huko chini.

Uliweka vijiti shambani, mahindi yakawa njano

Hii inavunja watu moyo, mtu ameamua kuacha kuchoma, amekatakata matawi vizuri, akayalimia ndani ya udongo, halafu mahindi yanatoka manyonge na majani ya chini yanakuwa njano kuanzia nchani kuja katikati. Anasema bora ningechoma.

Kilichotokea ni kwamba vijidudu vya udongo vimepewa kaboni nyingi kwa mpigo, vikawa vinahitaji naitrojeni kuila, vikaichukua kwenye udongo kabla ya mahindi. Haijapotea, itarudi vikishamaliza kazi, lakini mahindi hayawezi kusubiri. Cha kufanya sasa hivi ni kuwapa naitrojeni ya haraka, yurea kidogo kando ya shina udongo ukiwa na unyevu, au maji ya samadi yaliyozimuliwa. Cha kufanya msimu ujao ni kuacha vijiti juu ya udongo kama matandazo. Vikiwa juu vinagusana na udongo kidogo tu, tatizo linakuwa dogo sana, na bado vinazuia jua na magugu. Vya kulimia ndani ni majani laini ya glirisidia na lukina, hayo ndo yanaongeza naitrojeni badala ya kuila.

Kwenye michungwa (Muheza hii inawahusu) matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya wazi kama sentimita 15 hadi 20 kuzunguka shina, yakigusa yanaweka unyevu kwenye gome, gome linaoza, gundi inatoka, na mchwa wanapata njia ya kujificha wakati wanapanda. Kuhusu mchwa wenyewe, wakiingia kwenye lundo maana yake lundo ni kavu na halijaguswa muda mrefu. Mwagilia, geuza, ongeza samadi, hawapendi usumbufu wala joto. Na matawi makavu yaliyokatwa kwenye mchungwa unaougua usiyafanye matandazo ya michungwa mingine, yapeleke kwenye fungu la hatari.

Minazi imekatwa majani

Ukiona kuti jipya la mnazi limefunguka likiwa na pengo la pembetatu pande zote mbili, yaani limenyolewa kwa mkasi, usiangalie juu tu. Angalia chini. Huyo ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kwenye kilele cha mnazi akala kuti likiwa bado limefungwa, likija kufunguka ndo unaona mapengo. Akikata sehemu ya kukulia mnazi unakufa, mchanga ndo kabisa.

Sasa chonga hazaliwi juu ya mnazi. Jike anataga kwenye kitu kinachooza, magogo ya minazi iliyoanguka, visiki, samadi iliyokaa muda mrefu, na lundo la matawi lililosahaulika. Pwani yetu minazi mingi imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, ikaachwa imesimama bila kichwa au ikaangushwa ikalala pale pale, na watu wakaanza kurundika takataka za ua juu yake kwa sababu sehemu yenyewe tayari ilishakuwa ya kutupia. Ni chumba cha kulelea chonga hicho.

Kuna mzee mmoja njia ya Pangani nilimkuta analalamikia minazi yake michanga. Nikamwambia, "Shikamoo babu, tuangalie kwanza lile gogo." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, gogo hilo limeoza siku nyingi, halina kitu." Tukalipiga jembe. Gogo likafunguka laini, unga wa kahawia umelowa, na ndani funza weupe wamejikunja, wanene kuliko kidole gumba, kichwa cha kahawia kilichoiva, miguu sita midogo imebanana kule mbele, na nyuma ngozi imepauka unaona mpaka uchafu uliomo tumboni. Kuku walifika kabla hatujaita. Mzee akasimama pale akachambua gogo lote kwa mkono wake, kila funza anayetoka anamrushia kuku, na kila akirusha anasema, "Kumbe nyie."

Kwahiyo gogo la mnazi halichanganywi na matawi ya ua. Pasua, mbao zake zinafaa, kuni zinafaa, au ligeuze mkaa. Lundo la mboji lililo karibu na minazi lifumue kila baada ya miezi miwili mitatu na waite kuku. Mboji ikishaiva itoe, ipeleke shambani, usiiache ikae mwaka.

Mbuzi au ng'ombe kaumwa baada ya kulishwa majani ya ua

Macho njano, hali chakula, anakimbilia kivulini, ngozi ya pua na masikio inachubuka hasa pale penye manyoya meupe: fikiria lantana. Inaharibu ini, na ini likiharibika jua linamuunguza mnyama. Mtoe kwenye jua, mpe maji, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, usisubiri. Kawaida mnyama mzima anaikwepa lantana akiwa huru, shida inakuja anapokatiwa ikachanganyikana na majani mengine au ana njaa kali.

Anapukutika manyoya: lukina imezidi. Lukina ni chakula kizuri sana ila ina kitu ndani yake kinachozuia manyoya kukua, isizidi kama theluthi moja ya chakula cha siku, mengine yawe mabingobingo na majani ya kawaida.

Glirisidia mbichi mbuzi wengine wanaikataa kwa sababu ya harufu, iache isinyae mpaka kesho, watakula. Oleanda ya uani, ile yenye maua ya waridi au meupe, hiyo hata majani machache yanaua, isifike zizini kabisa na vijiti vyake msichomee mishikaki. Mbegu za mbono kaburi nazo ziwe mbali na watoto, tamu mdomoni lakini zinatapisha vibaya.

Utomvu, miiba, nyoka

Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni maumivu makali na mtu anaweza asione kwa muda. Osha na maji safi mengi, dakika 15 bila kuacha, jicho likiwa wazi, halafu hospitali, usiweke maziwa ya mama, usiweke dawa ya jicho iliyobaki nyumbani. Unapokata minyaa vaa miwani yoyote ile, mikono mirefu, na simama upande upepo unakotoka. Usiitumie kama kuni, moshi wake nao unawasha macho na koo.

Miiba ya michongoma haiozi haraka, tawi linalainika lakini mwiba unabaki mgumu unasubiri mguu wa mtu au tairi la bodaboda. Kwahiyo michongoma haiwi matandazo wala haikatwikatwi. Ina kazi nyingine nzuri. Ilaze kwenye pengo la ua, vitako vije kwako na vichwa viende nje, ishindilie, mbuzi hapiti. Au ijaze kwenye korongo linalokatwa na maji, izuie udongo. Ukichomwa na mwiba wa kwenye lundo la samadi na huna sindano ya pepopunda nenda kachome, pepopunda ni kitu cha kuogopa.

Nyoka anafuata panya, na panya anafuata lundo kavu lililotulia karibu na ghala la mahindi. Ukihamisha lundo mbali na nyumba na ghala, mita 20 hivi au zaidi, na ukawa unaligusa gusa, wanahama wenyewe. Panya sio wa kuchukulia poa, Lushoto wanajua, tauni iliwaandama kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Ukienda kufumua lundo la zamani vaa gambuti, lipige kwanza na mti mrefu, subiri, anza kuvuta kutoka juu kwa reki au kwa ndoano, usiingize mkono chini. Mtu akiumwa atulizwe, asitembezwe, asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, apelekwe hospitali kwa usafiri wa haraka uliopo.

Mashine ya kukatakata inakwama

Wenye mashine za kukatia mabingobingo wanazitumia pia kwa matawi na ni sawa kwa vijiti laini. Ikikwama mara kwa mara angalia visu kwanza, kisu butu kinachana badala ya kukata, nyuzi zinajizungusha kwenye shafti. Visu vikiwa vikali angalia mkanda kama umelegea. Kama vyote viko sawa basi ni ulichoweka, mkonge, makuti na migomba vina nyuzi ndefu, visiingie. Majani yaliyolowa yakiziba, pitisha tawi kavu jembamba lisukume. Kabla ya kuingiza mkono zima injini na chomoa waya ya plagi. Sio zima tu, chomoa. Na vipande vya mwisho sukuma kwa kijiti, sio kwa vidole.

Moto umekushinda, au unataka kuchoma

Nitasema wazi, mi sipendi kuchoma. Ukichoma naitrojeni karibu yote inapanda na moshi, unabakiwa na majivu yenye potashi na chokaa ambayo mvua ya kwanza inayabeba. Halafu kuna jirani. Kaskazi ya Januari na Februari huku pwani nyasi zimekauka, upepo unageuka ghafla, moto wa lundo unaingia kwenye mkonge au kwenye michungwa ya mtu aliyehangaika nayo miaka. Wanaopakana na Hifadhi ya Amani ndo wawe waangalifu mara mbili. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto, kwahiyo kabla ya kuwasha pita kwa mtendaji wa kijiji, pata ruhusa, na waambie majirani wa pande zote siku na saa.

Ukiwa na vitu ambavyo kweli havina njia nyingine, miiba mikavu, mihogo yenye ugonjwa, matawi ya mchungwa unaougua, basi tengeneza mkaa wa kuweka kwenye udongo badala ya majivu. Chimba shimo la kama kikombe, upana mita moja juu, kina sentimita 60 hivi, chini pawe pembamba. Safisha nyasi kuzunguka mita tatu au zaidi, weka maji ya kutosha karibu kabla hujawasha, madumu kadhaa, sio ndoo moja. Washa asubuhi na mapema kabla upepo haujaanza. Anza na vijiti vikavu, washa kwa juu, sio kwa chini, moto ukishuka na moshi ukipungua weka tabaka jembamba la matawi, subiri. Alama ya kuangalia ni hii, tabaka la juu likianza kuwa na weupe wa majivu kingoni ndo wakati wa kuweka lingine, linafunika lile la chini hewa isifike, kwahiyo halimaliziki kuwa jivu. Shimo likijaa mwaga maji mpaka mchemko wake uishe kabisa, koroga, mwaga tena.

Moshi ukiwa mwingi mweupe muda wote, matawi ni mabichi, yaache yakauke mwezi mwingine. Ukibakiwa na majivu matupu, ulichelewa kuweka tabaka au ulichelewa maji. Ukibakiwa na vipande vya mti ambavyo havijaiva ndani, vilikuwa vinene, vya unene wa mkono vipasue.

Mkaa huo usiumwage shambani ukiwa mtupu, unanyonya virutubisho. Uponde, uchanganye na samadi au uumwagie mkojo wa ng'ombe, ukae wiki mbili tatu, ndo uende kwenye mashimo ya kupandia. Kwenye udongo wa kichanga wa pwani unaona tofauti, maji hayakimbii kama zamani.

Kuni zinatoa moshi, fito zinatoa unga

Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, moto unaishia kuchemsha maji. Pasua, panga kwa kupishana chini ya paa, upepo upite, miezi miwili mitatu. Fito za kujengea zikitoa unga mweupe laini kwenye vitundu ni dundu wanakula ule wanga wa ndani. Menya magome mara tu baada ya kukata, zilowekwe kwenye maji wiki kadhaa halafu zikauke kivulini. Zilizoshaanza kutoa unga zitoe, zisikae pamoja na mpya.

Mvua imebeba lundo

Hii inatokea Machi na Aprili kwa mtu aliyerundika kwenye mtaro au juu ya mteremko, matawi yanashuka, yanaziba kalvati ya barabara, maji yanarudi nyuma yanaingia kwenye nyumba au yanakata barabara ya kijiji. Lundo likae pale maji hayapiti, na kabla ya masika nenda kaangalie mtaro wako na wa jirani wa chini yako. Kama uko kwenye mteremko, Lushoto au Amani huko, matawi magumu ndo yanafaa kulazwa kwa mstari unaokata mteremko, yakashikwa na vigingi kila hatua mbili upande wa chini, udongo unaoshuka unajaa nyuma yake. Vigingi vyenyewe vikate vya glirisidia mbichi, hapo kuota kwake ndo unakokutaka, msimu ukiisha una ua mwingine, na wenye pilipili manga wanaupandishia humo humo.